Monita wa mlima na maji: ubakie Goma, uende Jinja, Moshi au Ulaya?

Swali hili naletewa kila likizo kubwa. Mara ya mwisho aliyeuliza alikuwa mtoto wa shangazi yangu, ametoka kupata diploma ya Serikali ya kumaliza sekondari, mabega mapana, simu imejaa video za watu wanaoshuka maporomoko kwa mashua za mpira. Tulikuwa tumekaa juu ya mawe ya lava kando ya Ziwa Kivu, upande wa Himbi, hapa Goma, mashariki ya Kongo.

— Yaya, dada yangu, niende Jinja ao nibakie hapa?

— Unajuaka kuogelea?

— Kidogo tu.

— Kidogo ni mpaka wapi?

Akanyoosha kidole kwenye mtumbwi uliofungwa mita kama 30 kutoka ukingoni. Hapo nikajua mazungumzo yetu hayataanzia Jinja, kule Uganda.

Neno monita huwachekesha wazee, maana kwao monita alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mwenye fimbo mkononi. Ninayemzungumzia hapa ni mtu anayelipwa kupeleka watu mlimani, ziwani, mtoni au kampini, akawafundisha kitu huko, na jioni akawarudisha wote. Njia za kuwa mtu huyo ni nyingi. Nitalinganisha nne ambazo vijana wa hapa huzitaja, nami nimepita mbili kati yake kwa miguu yangu. Hizo mbili nyingine nazijua kupitia wenzangu waliozipita na karatasi walizorudi nazo.

Utawaongoza nani?

Swali hili wengi hulipita mbio. Kwenye video mteja ni mzungu mwenye dola. Goma mzungu huyo ni kama mvua ya Julai. Parki ya Virunga ilisimamisha utalii Mei 2018, baada ya Waingereza wawili kutekwa na gadi aliyekuwa nao kuuawa. Ikafungua Februari 2019. Machi 2020 corona ikafunga tena. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ikalipuka. Kisha vita ikasogea, na Januari 2025 waasi wa M23 wakaingia mjini, uwanja wa ndege ukafungwa. Aliyeweka maisha yake yote juu ya mtalii wa kupanda volkano amekaa nyumbani miezi mingi, nao ni vijana hodari ninaowafahamu.

Wateja ambao hawajawahi kukosekana ni wengine. Shule hutaka kutembeza wanafunzi, parokia na makanisa huwa na kampi za vijana, skauti wapo, wafanyakazi wa ONG (mashirika yasiyo ya serikali) hutafuta cha kufanya Jumapili, na familia hushuka ufukweni na sufuria zao. Kwa hiyo kazi kubwa ya monita wa Goma ni watoto na maji. Mlima unafuata, na mto wenye mikondo ya kasi hatuna kabisa. (Wa Bukavu wataniambia wana Ruzizi. Kweli, lakini Ruzizi ina mabwawa ya umeme na ndiyo mpaka wa nchi. Usinifanye nieleze kwa askari wa pande mbili kwa nini mashua yangu imepinduka katikati.)

Ukishajua utawaongoza nani, njia hizi nne hazibaki sawa tena.

Kubakia hapa

Hakuna chuo duniani kitakachokufundisha mazuku.

Alfajiri moja, miaka iliyopita, mvuvi mzee alinishika mkono tulipokuwa tunashuka kwenye kibonde cha mawe karibu na Lac Vert. Akawasha kiberiti usawa wa kifua, moto ukasimama vizuri. Akainama, akaushusha taratibu. Usawa wa goti moto ukaanza kusinzia. Usawa wa kifundo cha mguu ukazimika kama mtu kaupuliza, na upepo haukuwepo hata kidogo. Chini kulikuwa na panzi na kindege kimoja kimelala ubavu. Mzee hakusema kitu, alinivuta tu nyuma.

Hayo ndiyo mazuku: gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa na haina rangi, hivyo hujaa kwenye mashimo usiku na alfajiri wakati upepo umelala. Mtu mzima aliyesimama anaendelea kupumua, mtoto aliyekaa kucheza hapumui. Ipo Himbi, Keshero, Bulengo na kando ya ziwa sehemu nyingi za magharibi ya mji. Sasa fikiria monita aliyefundishwa Ulaya, tena akafundishwa vizuri. Akija hapa na watoto 20 atatafuta pa kusimamisha mahema kama alivyoelekezwa: kibonde kilichokingwa na upepo. Ndipo mazuku yanapolala.

Wageni huogopa metani, na tukubaliane kwamba jina lake linatisha. Lakini ziwa lina kina kinachokaribia mita 480, na metani imeyeyuka huko chini, imeshikiliwa na uzito wa maji yaliyo juu yake. Anayeogelea haikuti. Mamba na kiboko pia hakuna. Kivu inaua kwa mambo ya kawaida: upepo wa alasiri, ukingo unaodondoka ghafla kwenye kina, chombo kilichojaa kupita kiasi, na watu wasiojua kuogelea. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova, MV Merdi, ilipinduka karibu kabisa na bandari ya Kituku, na watu makumi wakafa mji ukiona. Tangu siku hiyo sijalazimika kumbembeleza mzazi amvalishe mtoto jile, koti la kuelea.

Mambo haya ya ziwa utayapata kwa wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, bila ada, ukikubali kuamka saa kumi ya alfajiri. Kuchezesha watoto utakufundisha skauti: nyimbo, mafundo ya kamba, namna ya kutuliza watoto 40 waliolowa mvua. Sijaona shule ya uongozi wa vijana iliyo rahisi kuliko hiyo. Huduma ya kwanza utaisoma kwa Msalaba Mwekundu. Mji una pia taasisi ya juu ya utalii. Ukitaka shahada na ukitaka kujua namna ya kupanga bei ya safari na kuandika mradi, pita huko, lakini usitegemee kutoka ukiwa umeshika kasia.

Ubaya wa kubakia ni mmoja na ni mkubwa: hakuna anayekupima. Ukikosea, kila mtu anasema Mungu ametusaidia, na wiki ijayo unakosea vilevile.

Mimi ni shahidi. Kabla sijaenda popote, shule moja iliniomba nisindikize wanafunzi 34 ufukweni. Walileta jile 12. Mratibu akasema watapokezana, nami nikakubali. Kosa hilo ni langu, simsukumii. Saa nane upepo ukaanza, tukawaita watoke. Nikahesabu 33. Nikahesabu tena, 33. Wa 34 alikuwa ameshikilia ubao nyuma ya mwamba, amesukumwa tayari mbali kuliko nilivyoweza kurusha jiwe, na kamba sikuwa nayo. Mvuvi aliyekuwa anakausha nyavu ndiye aliyemfuata kwa mtumbwi. Mtoto alirudi anatetemeka, akapewa chai, na mratibu akanishukuru kwa kazi nzuri. Kazi nzuri! Usiku ule sikulala.

Jinja

Ndiyo sababu nilikwenda. Kutoka Goma unavuka Gisenyi, unapanda basi hadi Kigali, kisha Kampala, na Jinja iko kama kilomita 80 mashariki ya hapo, pale Nile inapotoka Ziwa Victoria. Biashara ya mashua za mpira ipo huko tangu miaka ya 1990. Bwawa la Bujagali lilimeza sehemu ya maporomoko mwaka 2012, la Isimba likameza mengine mwaka 2019, lakini mto bado ni shule. Maji ni ya moto, ni mengi, na baada ya poromoko kubwa huja dimbwi lililotulia. Ukipinduka unatupwa nje na kupumzika. Kwa mwanafunzi hiyo ni neema.

Jinja kila mtu anapimwa mbele ya wenzake. Siku nzima moja tulirusha kamba tu. Mwenzako anajitupa kwenye mkondo, analala chali, miguu mbele, vidole vya miguu juu ya maji ili visinaswe kwenye mawe. Wewe uko ukingoni na mfuko wa kamba. Kwanza unamwita mpaka akutazame. Kisha unarusha kumpita, kamba ilale juu ya kifua chake, si mbele yake. Halafu unakaa chini, maana uzito wa mtu kwenye mkondo utakuvuta uingie naye. Mara tatu za kwanza nilikosa. Mkufunzi hakunipa pole. Alisema kwa utulivu, «Huyu ameshapita», akamwita anayefuata. Maneno yale mawili yalinifundisha kuliko mwaka mzima wa kusifiwa.

Karatasi inayofaa kuitafuta huko ni ile inayofuata vipimo vya IRF, Shirikisho la Kimataifa la mchezo wa kushuka mito kwa mashua za mpira. Hupewi kwa kukaa darasani. Wanataka daftari la safari ulizofanya mtoni, huduma ya kwanza ambayo haijaisha muda, na siku ya mtihani ukiwa na watu ndani ya mashua yako. Jihadhari na anayekuuzia «cheti cha kimataifa» cha wikendi. Kijana mmoja wa mtaani kwetu alikilipia kwa simu, kikaja kimepambwa mihuri ya dhahabu. Alipokipeleka kuomba kazi akaulizwa daftari lake liko wapi.

Kuna gharama mbili hapa ambazo watu hawazihesabu. Moja ni Kiingereza. Amri zote kwenye mashua hutolewa kwa Kiingereza, na maji hayangoji utafsiri kichwani kutoka Kifaransa. Ukifika bila lugha, mwezi wa kwanza utakuwa mbebaji wa makasia. Nyingine ni kwamba unasoma mto, halafu unarudi kwenye ziwa. Kusoma mikondo hakutakusaidia sana Goma. Kamba, kuhesabu watu, kupanga nani anakaa wapi kabla ya kuingia majini, kukataa safari jile zisipotosha: hayo ndiyo niliyorudi nayo, na ndiyo nayatumia kila Jumamosi. Jile 12 kwa watoto 34? Kule ningefukuzwa kabla ya saa sita.

Kwa hiyo nikilinganisha Goma na Jinja sioni mashindano. Goma inakupa macho, Jinja inakupa mikono. Asiye na macho akienda Jinja anarudi na ujasiri, na mtu mwenye ujasiri mtupu ndiye ninayemwogopa zaidi ziwani.

Moshi

Kwa mwenye moyo wa mlima. Hapa lugha ni raha, ni Kiswahili asubuhi hadi usiku, ingawa watacheka ukisema «ao» na «unajuaka». Kilimanjaro ina mita 5,895. Nyiragongo yetu ina 3,470. Kutoka Kibati hadi ukingo wa kreta ni saa nne hadi sita, na ukilala kule juu baridi ya usiku inakaribia sifuri. Wageni wengi wanaumwa kichwa hata kwenye Nyiragongo. Kule Kilimanjaro utajifunza kichwa kinachouma kwa uchovu kinatofautianaje na kichwa cha mtu ambaye lazima ashuke usiku huohuo, hata kama analia kwamba amelipa.

Njia ya kawaida huanzia chini. Unaanza kama mgumu, ndivyo wanavyowaita wapagazi, unabeba mzigo unaopimwa getini, unapanda polepole kuwa msaidizi, kisha unafanya mafunzo ya waongozaji ili upewe leseni. Hapo sasa ndipo Mkongo anapogonga ukuta: sheria ya utalii ya Tanzania ya 2008 inaiweka kazi ya kuongoza watalii na kupandisha watu mlimani mikononi mwa Watanzania. Nenda ukijua unakwenda kusoma. Ukiwa na ndoto ya kubaki huko na leseni yako, tafuta ndoto nyingine.

Mwenye uwezo wa kulipa masomo ya miaka aangalie Mweka, chuo cha usimamizi wa wanyamapori kilichofunguliwa 1963 kwenye miteremko ya mlima huohuo. Kinapokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika na kinafundisha kwa Kiingereza. Mwenye lengo la kufanya kazi siku moja na ICCN, taasisi inayosimamia parki za Kongo, kule Virunga au Kahuzi-Biega, atafaidika nacho kuliko mtu wa ziwa kama mimi.

Kwa uzito, naiweka Moshi chini ya Jinja kwa kijana wa Goma. Nyiragongo yetu imefunguliwa na kufungwa mara ngapi tangu 2018? Ziwa halifungwi kwa muda mrefu hivyo.

Ulaya

Nitakuwa mfupi, kwa sababu maombi ya visa hupitia Kinshasa, na tangu Januari 2025 unajua mwenyewe kufika Kinshasa kutoka hapa ni kuzunguka nchi za watu.

Ufaransa ina BAFA, cheti cha kuongoza watoto kwenye kampi za likizo. Ina hatua tatu: siku 8 za masomo, siku 14 za staje (mazoezi ya kazini), kisha siku 6 za kukazia. Tangu 2022 inaruhusiwa kuanzia miaka 16. Kwa faida ya Kifaransa chetu ndiyo rahisi zaidi kueleweka, lakini ni ya kazi za msimu. Anayetaka kuishi kwa kazi hii huko anatafuta BPJEPS, ambayo ni diploma kamili ya ufundi yenye mitihani ya kuingilia. Uingereza wana utaratibu ninaoupenda zaidi, kwa sababu unahesabu miguu na si viti: kwa cheti chao cha kiongozi wa milima unahitaji siku 20 za milimani zilizoandikwa kabla ya kuanza mafunzo, na 40 kabla ya mtihani, pamoja na usiku 8 wa kulala kambini.

Ukali huo una sababu. Machi 1993 vijana wanne walikufa baharini Lyme Bay, kusini mwa Uingereza, wakiwa kwenye kayaki na waongozaji wasio na uzoefu wa kutosha. Mwaka 1995 Bunge likapitisha sheria ya kuvipa leseni vituo vinavyochukua watoto. Nikisoma habari ile naona watoto wangu 34. Tofauti ni kwamba kule kifo cha wanne kilizaa sheria.

Lakini je, uende? Ukitaka kufanya kazi huko, ndiyo, maana karatasi ya huko ndiyo inayoheshimiwa huko. Ukitaka kurudi Goma, hapana, si kwa hatua ya kwanza. Nimeona familia ikiuza shamba la Masisi kwa ajili ya safari ya namna hii. Kijana yuko Ulaya bado, anapanga sanduku ghalani. Shamba lina mwenyewe mwingine.

Karatasi, fedha, muda

Vyeti vya huduma ya kwanza huisha, kwa kawaida baada ya miaka 2 au 3, popote ulipovichukulia. Kwa hiyo unaponunua mafunzo ghali nunua ukijua utayanunua tena. Kwa fedha, kubakia Goma kunakula muda kuliko mfuko. Jinja inakula nauli, chumba na chakula cha majuma kadhaa. Na tangu benki zetu zilipofunga milango mwanzoni mwa 2025, hata kulipa ada nje kumekuwa safari yenyewe. Mweka ni ya miaka. Ulaya ni ya ukoo mzima kuchanga.

Na kwa dada zangu, kwa sababu mnaniuliza faraghani: shule za wasichana na akina mama wa parokia wanatafuta monita mwanamke na hawampati. Mimi sina nafasi Jumamosi hadi miezi miwili mbele. Hakuna cheti kilichonipa wateja hao. Nimewapata kwa sababu mama anapomkabidhi binti yake mwenye nguo za kuogelea anataka kumwona mwanamke mwenzake ndani ya maji.

Mtoto wa shangazi yangu tulimaliza hivi. Nilimpa jile, nikaingia naye. Mtumbwi aliokuwa ameuonyesha kwa kidole aliufikia, akaushikilia kwa mikono miwili, macho makubwa, akaniuliza tutarudije. Sasa anakuja kila Jumamosi saa moja asubuhi, kabla ya upepo. Amejiandikisha Msalaba Mwekundu, na jioni anasoma Kiingereza kwa jirani aliyewahi kuishi Kampala. Tumepatana kwamba siku atakapoogelea mita 200 na suruali na shati mwilini bila kugusa kitu, nitampigia mwenyewe simu mkufunzi wangu wa Jinja. Juzi amefika 120.